Kikopo cha Sita

Machi. Theluji imebaki vipande kando ya reli.
Paraschiva amepanga vikopo sita vya mtindi
dirishani, jikoni, vinatazamana na dohani
iliyoacha kutoa moshi mwaka aliozaliwa mjukuu wake.

Vitatu vina udongo wa kununua, wa mfuko.
Vitatu, udongo wa bustani yake,
ule aliolima Zenovie kila alipotoka zamu ya usiku kiwandani,
masizi kwenye kope.

Mbegu zilezile. Maji yaleyale ya bomba.
Siku ya tano figili za mfuko zimesimama,
majani mawili mawili.
Za bustani zimechelewa. Moja ilichungulia, ikaghairi.
Anaing'oa kwa kibano cha nyusi:
mzizi mfupi, wa kahawia, umejikunja
kama kidole kilichogusa sufuria ya moto.

"Angalau wewe husemi uongo," anaiambia.

Maana saladi ya kikopo cha sita imenawiri.
Hata wachuuzi wa Sibiu wangeigombania.
Mzizi haujui kusoma majina:
kadimi ilibisha hodi imevaa koti la zinki,
nao ukafungua. Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni amepanda hadi kwenye jani,
amekalia kiti cha zinki,
na zinki ikija itasimama mlangoni.

Risasi haina mbio hizo.
Inabaki mizizini, na kwenye vumbi juu ya majani,
risasi isiyodai bunduki.

Yule binti wa maabara, Sânziana, alisema:
osha mara tatu, menya karoti, changanya chokaa,
panda nyanya, acha spinachi; tunda hubeba kidogo.
Alisema akitazama viatu vyake.

Paraschiva ameosha maisha yake yote.
Mapazia. Kola za Zenovie.
Saladi, mpaka maji ya beseni yakawa kama hayapo.
Lakini kuna uchafu unaoingia kwa mlango uleule wa maji,
na huo hauna sabuni.

Jumamosi mtoto atakuja. Miaka tisa,
suruali za miaka saba bado zinamtosha.
Ataomba supu ya saladi na kitunguu saumu,
ile ya bibi, si ya dukani.

Amesimama na kikopo mkononi, dirisha wazi,
baridi inaingia.
Akitupe wapi?
Chini pale ni bustani.