Daftari Chini ya Mto

Jumatano, saa moja na nusu, kabla upepo haujaamka
kuyapiga madirisha ya jengo letu la mlimani,
Daktari Chilewa aliandika ubaoni neno moja, NDOTO,
akajifuta chaki kwenye suruali, akasema:
"Daftari liwe chini ya mto, kalamu ifungwe uzi.
Ukizinduka, andika. Kabla ya maji. Kabla ya simu.
Usitafsiri. Hapa hatupigi ramli."

Chini ya mto! Nikacheka kimoyomoyo.
Mto wa kulalia, bila shaka,
maana mito mingine, ile ya kwetu Mvumi,
ni mchanga mtupu kuanzia Mei:
unachimba kwa kata hadi bega lizame
ndipo maji yakukumbuke.

Bibi angembishia daktari.
Kwake jino liking'oka usingizini ni msiba,
nyama ni uchawi, nyoka ni mgeni mwenye deni.
Nilikuja na tafsiri hizo kama sarafu za zamani;
chuoni hazinunui hata andazi.

Wiki ya kwanza sikuota kitu.
Niliandika "sikuota kitu" siku sita, kwa mwandiko mzuri.
Ya pili, mbuzi mwenye sauti ya Delfina wa chumbani.
Ya tatu ikaja ile.

Niko ukumbini, mtihani. Nageuza karatasi:
imeandikwa Kigogo, tangu jina la kozi hadi onyo la kuibia.
Swali la kwanza, alama mia moja, neno moja:
*Mbukwa?*
Salamu tu. Mtoto wa miaka miwili huijibu
akiwa na mlenda kidevuni.
Kalamu yangu inatoa vumbi.
Msimamizi anapita, viatu vyake ko, ko, ko,
nami naifunika karatasi kwa mkono
nisije nikaonekana nimeielewa.

Nikaota hivyo mara nne. Nikaandika mara nne.
Daftari likarudi na wino wa kijani pembeni:
"Msimamizi ni nani? Mtazame usoni."
Basi. Hata alama hakuna.

Haya, niseme, maana daftari limeshasema.
Februari mama aliupanda mlima huu
na kilo tatu za karanga, ndala moja imeshonwa kwa waya.
Alinikuta na wenzangu mbele ya kantini.
"Mbukwa, Nyemo."
Nikamjibu shikamoo, nikawageukia wenzangu:
"Jirani yetu wa zamani,"
kwa sauti ya mtu wa Morogoro,
ndiko nilikodai kuzaliwa
tangu siku mtu alipotaja Wagogo na bakuli la kuombea,
darasa likacheka,
na mimi nikacheka.
Mama hakubisha. Alikabidhi karanga
kama jirani anavyokabidhi.

Usiku wa tano nilijilazimisha. Nikamtazama msimamizi.
Amevaa blauzi yangu ya njano.
Ana kovu langu la jiwe la kusagia.
Mkononi orodha ya wote wanaolijua jibu,
na mlangoni anawazuia, mmoja mmoja.

Nilizinduka saa tisa. Kabla ya maji, naam,
lakini si kabla ya simu.
Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena.
"Mbukwa, mama."
Kimya. Jogoo wa huko, upepo wa huku.
"Mbukwa," akajibu polepole, kama anayempimia uwele
mteja aliyewahi kumdhulumu.
Kisha: "Na mimi nilikuota juzi.
Ulikuwa mdogo, umejitwika ndoo,
njia huioni,
na maji hayamwagiki."

Masharti ya kozi yanasema ndoto yako tu.
Yake nikaiandika pembeni, palipobaki nafasi,
chini ya wino wa kijani.
Sikuitafsiri.