Nikifika Nitakupigia

Ulisema, baba, ukifika unipigie.
Nayadet, sijafika bado,
ingawa nyayo zimekwisha kugusa Frankfurt,
ambako nilivua mkanda mbele ya kijana
nikashika suruali kwa mikono miwili;
na São Paulo, ambako joto lilinizaba kofi mlangoni;
na Santiago, ambako mbwa alikaa.

Habari ya mbwa nitakueleza. Subiri.

Juu ya bahari saa ziligoma.
Abiria wa pembeni alilala kinywa wazi,
kichwa begani kwangu. Nikamwachia.
Bega lenyewe si langu tena,
siku arobaini limekuwa la mwanao.
Kwenye kioo kilicho mbele yangu kindege kilitambaa
kama sisimizi ukutani,
na kila kilomita iliyohesabiwa
ilitolewa kwako, haikujumlishwa kwangu.

Elof hajui Kihispania changu.
Kiswidi changu mimi ni neno moja, *morfar*,
babu mzaa mama,
alilonifundisha kwa kunigonga kifua kwa kidole
kama mtu abishaye hodi.
Tulihesabu tramu. Tulikaa dirishani
tukiona giza likiingia saa tisa na nusu alasiri,
bila haya, kama mgeni asiyealikwa.
Wewe ulikuwa kazini. Sikulaumu;
mkate wa ugenini hauliwi bure.
Lakini niliona unavyokunja mikono jikoni
ukingoja birika lichemke,
mama yako mtupu,
nikatoka nje nikasema nakwenda kuvuta sigara.
Sigara niliacha mwaka aliokufa.
Ulijua. Hukusema.

Haya, mbwa.
Foleni ya mizigo, mbwa wa serikali, mfupi,
kizibao cha kijani, akanipita, akarudi,
akakaa kando ya kiatu changu kama jamaa.
Afisa akauliza, mzee, una tunda?
Sina, nikajibu, kwa uso wa mtu mwaminifu.
Mfuko wa koti ukanikana mchana kweupe:
tufaha dogo, limeng'atwa mara moja,
alama za meno manne
kwenye nyama iliyogeuka kahawia.
Alilitia lini? Labda stesheni,
nilipoinama kumfunga zipu.
Aling'ata kwanza, kuhakikisha kuwa ni tamu.

Nikamwomba yule mama nilile palepale.
Akasema hairuhusiwi,
kisha akageuka kumkuna mbwa masikio,
akamkuna, akamkuna,
mpaka foleni ikaanza kunung'unika.
Sikutafuna vizuri. Kokwa alizipokea kwa glavu.
Nikatia sahihi fomu: Eleuterio Millacura,
hana kingine cha kutangaza.

Halafu basi, usiku kucha na robo ya siku,
magoti yakilia kama bawaba,
halafu pantoni ya Chacao, mvua ya ubavuni,
wanaume wawili wakibishana bei ya kondoo
kwa lafudhi yetu. Nikawasogelea.
Sikununua kitu. Nilitaka kusikia tu.

Doña Orfelina alikuwa ameacha kuni kavu barazani
na ufunguo mahali ambapo kila mwizi anapajua.
Nyumba ilikuwa baridi kama tumbo la kisima.
Niliwasha jiko, nikafungua kabati nipike:
viazi vimechipua gizani,
machipukizi meupe, marefu, kama vidole vya mgonjwa,
vyote vimeinama upande mmoja,
kwenye ufa wa mlango unaopitisha mwanga.

Sikuvikata. Nilikunywa maji ya moto, basi.

Sasa ni saa tano usiku. Kwako ni saa tisa,
Elof amelala kichwa kikining'inia nje ya kitanda,
na hakuna wa kumrudisha kwenye mto.
Nimeshika simu. Nimeiweka chini.
Nikifika, mwanangu, nitakupigia.