Saketi ya Kumi na Saba

Malalamiko yalikuja kwa wino mwekundu:
mwenye duka la leso, mtaa wa Biashara,
asema nduguye wa Nairobi
kila usiku huzungumza kama aliyemeza pamba.
Mchana sauti safi.
Usiku, pamba.

Nikavaa kisikizi.
Nikachomeka waya kwenye tundu la kumi na saba
nikatuma toni,
ule mluzi mmoja usiovuta pumzi,
mizunguko elfu moja kwa sekunde,
ukatoka kisiwani, ukavuka Makupa,
ukapanda bara.
Kule Voi Mwanjala akausoma kwenye mita yake.
"Umefika umechoka, Kombo.
Desibeli tano zimeshuka njiani."
Zimeshuka! Kama abiria wa gari la moshi.

Zimeshuka wapi?
Kazi yetu ni kuiuliza njia, kipande kwa kipande.
Mazeras, kwema? Kwema.
Mariakani? Kwema.
Maji ya Chumvi? Kwema, ila mbuzi wamelala chini ya nguzo.
Taru? Taru hakuamka mtu.

Wiki tatu.
"Hesabu, Mwanjala."
Naye ahesabu, moja hadi kumi, bila haraka,
kama anayemhesabia mtoto chenji.
Moja yafika na viatu vyake.
Mbili, tatu, hazina neno.
Lakini sita huivuka Tsavo ikawa ita,
saba ikawa aba,
na nyuma yao mvumo,
mafuta ya sambusa yakichemka chumba cha pili.

Nikaandika daftarini: *Kosa liko Voi.*
Nikapiga mstari chini yake, kwa rula.

Ndio ubaya wa kazi hii:
kila mtu husikia uchafu wa upande wa pili.
Sauti yako mwenyewe, inapokutoka, i safi daima.

Mwanjala hakugomba.
Alipanda ngazi, akasugua viungio kwa spiriti,
akafungua alichokifunga jana, akakifunga tena,
akarudi kwenye simu akihema.
"Sasa je?"
"Bado."
"Haya."
Sijapata kumwona uso.
Namjua kwa kikohozi,
kwa kiti chake kinacholia upande wa kushoto,
na kwa jogoo mmoja wa Voi asiyejua saa.

Ijumaa jiko letu la stima likaungua koili.
Bwana Pinto akalifunga gazetini, akaondoka nalo.
Usiku ule hapakuwa na kahawa.
Saa mbili nikatuma toni,
na Voi kukawa kimya
hata nikadhani waya umekatika.
Kisha: "Kombo.
Zimefika zote. Hata moja haikushuka."
"Hesabu."
Akahesabu.
Sita ilikuwa sita.

Nikatazama mezani, pale birika langu hukaa,
duara jeusi, sukari, maganda ya tangawizi.
Nikapandisha macho polepole, kama mvuke unavyopanda:
ubao wa viungio, safu ya pili.
Kumi na tano, kukavu.
Kumi na sita, kukavu.
Kumi na saba ina kutu ya kijani,
laini, imenona,
imestawi kwa kahawa yangu.

Wiki tatu nilimpandisha mtu ngazi usiku
kwa sababu ya birika.

Nilisugua kwanza. Nikapangusa, nikakausha kwa pumzi,
nikakumbuka pumzi nayo ina maji, nikachukua kitambaa.
Nikaondoa sukari. Nikapanga maganda. Nikayatupa.
Kisha pakawa hapana tena la kufanya
ila kuita Voi.

"Mwanjala. Kosa liko kwangu."
"Wasemaje? Sikupati. Rudia."

Alinipata.
Mita ilikuwa mbele yangu,
sindano imetulia kwenye alama yake,
na jogoo nilimsikia mpaka kwenye koo.

Nikarudia,
pole pole, kama anavyohesabu yeye:
kosa
liko
kwangu.
Na ile s ya kosa ikafika nzima.