Kadi Iliyorudi kutoka Idjwi

Nilirekodi mahubiri chumbani, Nguba,
blanketi mlangoni kuzuia jenereta ya jirani.
Dakika kumi na mbili juu ya Yona,
sauti nimeilainisha, kinanda kwa mbali.
Nikasema: hii itawafaa vijana wa kisiwani.

Kadi ya simu, ndogo kuliko ukucha,
nikaifunga kwa karatasi ya dawa,
nikampa Zihindula wa boti ya Jumanne,
maana kule mtandao hupanda mlima na mtu,
hushuka kabla yake.

Wiki tatu.
Kadi ikarudi katikati ya mananasi, inanata utamu.
Yona hayumo.
Wamemfuta.

Badala yake, sauti ya Nsimire:
«Dada, utusamehe, nafasi haikutosha.
Simu ni moja, tunaichaji kwa faranga mia tano
kwa mwenye sola. Yona tulimsikiliza mara mbili,
tukamwelewa: naye maji yalimtaka.
Sasa sikiliza wewe.»

Kisha kikohozi. Kuku.
Mvulana anataja majina ya waliozama mwezi wa tatu,
polepole, kama anayechambua kahawa,
na baada ya kila jina, kimya,
na ndani ya kimya, ziwa linapiga mawe.

Sikuongeza kinanda.

Jumapili, Kadutu, nilibonyeza kitufe tu
nikakaa benchini na wengine.
Umeme ulikatika kwenye jina la tisa.
Tukabaki gizani, tunatazamana bila kuonana.
Nyuma kabisa, mama mmoja tusiyemjua
akataja la kumi.