Mkwaruzo

Alhamisi, duka la saa la Waldemar hufungwa mapema.
Mlango wa chuma hushushwa nusu,
ili aliyechelewa ainame.
Sote tumewahi kuinama.

Nje ni Salto, mwezi wa saba, huku ambako Julai ndiyo kipupwe,
na baridi ya mtoni hung'ata masikio.
Ndani, jiko la mafuta ya taa,
viti vinne visivyo ndugu,
na kibuyu kimoja.
Kinywaji chetu jina lake ni mate,
na aliyekibatiza hakukosea:
mrija ni mmoja, kinywa hadi kinywa.
Anayeona kinyaa
hajawa tayari kuazima kitabu cha mtu.

Sharti ni hili: lete ukipendacho,
si kile unachojua ni kizuri.
Hapo wengi wameanguka. Daktari wa meno alikuja mara mbili
na vitabu ambavyo hakuna anayethubutu kuvichukia.
Mara ya tatu hakuja.

Nibia alileta riwaya ya mauaji,
jalada limeshikwa kwa plasta ya kidonda,
ukurasa wa mia na nne una doa la mchuzi.
"Hapa," akasema, "ndipo nilipoacha sufuria ikaungua."
Tukalinusa lile doa.
Naapa, tulilinusa.

Mimi nilileta filamu.
Dakika tisini za mtu anayepaka ukuta chokaa, halafu mvua.
Niliiona nikiwa na miaka kumi na tisa,
katika sinema ambayo leo ni duka la matairi,
nikatoka, nikashika njia isiyoelekea kwetu,
nikatembea hadi alfajiri.
Sasa nilitazama nyuso zao, si ukuta.
Eladio akapiga miayo. Nibia akahesabu mishono ya sweta.
Chema chajiuza, wanasema, kibaya chajitembeza.
Basi niandikeni mchuuzi:
nimekitembeza changu mlango kwa mlango,
jua kali, miguu vumbi,
na bado nasema ni chema.
Kisha mvua ikaanza,
na Eladio akashtuka kitini,
"Ukuta wake! Ukuta wake utaharibika!"
kwa uchungu wa mtu aliyeshika brashi.
Ilinitosha. Sijamwambia hadi leo.

Waldemar yeye huleta santuri ileile.
Alama ya kikombe kwenye jalada, jina la marehemu kaka yake kwa penseli.
Wimbo wa tatu, upande wa pili, sindano hunasa:
mwimbaji anasema *bado*,
*bado, bado, bado, bado*,
mpaka Waldemar agonge meza kwa kidole kimoja,
kidole cha fundi saa, kisichozidisha wala kupunguza,
na wimbo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka jana Eladio alivuka daraja hadi Concordia
akamnunulia nyingine, safi, haijaguswa.
Tukaketi. Tukangoja.
Mwimbaji akasema *bado*
mara moja tu,
akapita.
Vidole vinne vilikuwa hewani.
Tukatazamana, kila mtu na chake,
kama watu waliosimama kumpisha mgeni
na mgeni si yeye.

Waldemar alishukuru sana. Akaifuta vumbi ambalo halikuwapo,
akaiweka rafu ya juu, karibu na saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.
Alhamisi iliyofuata alileta ile ya zamani.
Hakuna aliyesema neno.
Nibia akajaza maji ya moto, akanyonya, akampa.

Na mimi, jioni nikiosha vyombo,
redio ya jirani ikiupiga wimbo ule, ule mzima, usio na kilema,
mkono wangu huacha sahani
ukagonga ukingo wa sinki.
Dada yangu huuliza nagonga nini.
Sijapata jibu ambalo halihitaji yeye aje Alhamisi,
ainame.