Viazi Viwili

Mwezi huu wa pili umechanua,
ua moja, rangi ya waya wa shaba uliochunwa plastiki yake.
Niliita njia nzima, hapa Katuba, waje waone okidi.
Walikuja watatu. Mmoja akauliza: inaliwa?

Inaliwa. Nisiseme uongo.
Mama alinisomesha kwa kiazi cha mmea huu:
alikitwanga na karanga, akatia magadi ya majivu, pilipili,
akasonga mpaka mwiko usimame wenyewe,
akakata vipande pale soko la Kenya,
kikanda, kikanda cha moto,
na daftari zangu zote zilinuka moshi.
Gunia likifika kutoka njia ya Kipushi
mimi ndiye niliyemenya.
Sikujua kama kitu kile kina ua. Nani alijua?
Tulikijua kwa chini tu,
kama watu wanavyoujua mgodi.

Siku hizi magunia hayaji.
Kyungu wa baiskeli alizunguka dembo siku nne,
akaniletea mmoja, kaufungia ndani ya soksi.
"Lipa kama dawa," alisema. Nikalipa kama dawa.

Nikaupanda katika ndoo ya rangi, nimeitoboa kwa msumari.
Mchanga. Makala ya kuponda. Majani yaliyooza.
Udongo niliuchemsha kwanza, kuua wadudu,
nikajiona daktari.
Ukasinyaa wiki ya tatu.

Mama, macho yake yana ukungu sasa,
alichota udongo, akaunusa, akautema kwa pua.
"Huu hauishi peke yake.
Kuna uzi mweupe mle ardhini, utando wa buibui ni mnene kuliko huo,
ndio unaomlisha.
Wewe umechemsha ndugu zake, halafu unamuuliza kwa nini hali."

Nikamrudisha Kyungu dembo: lete udongo, udongo mtupu.
Alicheka mpaka mnyororo ukatoka.
"Lubumbashi nzima inatupa udongo kutafuta kilichomo.
Wewe peke yako unanunua udongo!"

Mwezi wa tano majani yakageuka manjano, yakalala.
Usiku nilitoka na kikombe cha maji, kama mwizi.
"Acha," sauti ya mama dirishani.
"Amelala. Ukimnywesha aliyelala, unamzamisha."

Basi nikalinda ndoo ya kitu kisichoonekana,
miezi minne, vumbi jekundu la barabara ya malori
likishuka juu ya ndoo, juu ya nguo, juu ya bukari.
Watoto waliikalia. Mbuzi wa mama Chola aliinusa, akaona hasara, akaenda.
Shemeji alitaka kuchanganyia saruji ndani yake.
Nikasema: humo mna mtu.

Mwezi wa tisa uvumilivu ukaniisha.
Nilichimba kwa kidole, taratibu, kama unavyotafuta pete kwenye unga.
Kilikuwa viazi viwili.
Kimoja cheusi, kimekunjamana, chepesi,
mfuko uliokwisha kutoa pesa zote.
Kingine ubavuni mwake, cheupe, kigumu,
kimenona kwa kila kilichotoka kwa mwenzake.

Mama akasema nipe.
Akapapasa cheusi, akapapasa cheupe.
"Sisi tulichukua hiki," kidole juu ya cheupe.
"Hiki kizee tulikitupa. Kinafanya mchuzi uwe mchungu."
Halafu akanyamaza, na kimya chake kilikuwa na hesabu ndani.
"Yalikuwa magunia mangapi?"

Mimi niliyehesabu chenji yake tangu darasa la pili,
mimi niliyejua kila gunia na bei yake na mwaka wake,
nilisema sikumbuki.

Akavirudisha mwenyewe shimoni, viwili pamoja,
akavifunika, akapiga piga juu kwa kiganja
kama mgongo wa mtoto anayecheua.

Jioni ile hakunawa.
Bukari alikula kwa kijiko.