Bodi ya Pili

Ya kwanza niliikosea.
Niliichapa picha bila kuigeuza,
ikatoka kinyume kama shati lililovaliwa ndani nje:
mguu wa kwanza wa transista pahali pa watatu,
chanya imekaa kiti cha hasi.
Niliitupa juu ya bati. Kunguru aliiokota, akaiacha.

Lukanga wa steshenari ya stendi, hapa Newala,
hunitoza mia mbili kwa ukurasa,
na kwa mara ya nne ameniuliza:
"Hii ramani ya mtaa gani?"
Namwambia ni mtaa ambao bado haujahamiwa.
Karatasi ni ya jarida la zamani, laini, inayong'aa;
nyuma ya njia zangu kuna tangazo la sabuni,
mwanamke anacheka hadi magego.

Nimeisugua shaba kwa msasa, kisha majivu,
mpaka ikaona haya.
Umeme umekatika tangu adhuhuri,
basi ni pasi ya mkaa, ile yenye jogoo kifunikoni,
aliyoninyooshea mama sare ya darasa la kwanza.
Nakandamiza. Nahesabu hadi mia tatu.
Cheche inarukia mkeka, naifinya kwa kidole, naendelea: mia na tisa, mia na kumi.

Naloweka kwenye maji nusu kopo
(huku juu maji hayamwagwi kwa majaribio).
Karatasi inavimba, inamenyeka chini ya dole gumba,
yule wa sabuni anaondoka na magego yake,
na wino unabaki mweusi, umeing'ang'ania shaba.

Palipokatika narudishia kwa kijiti
nilichochovya mafuta ya ganda la korosho.
Hilo nililisoma mikononi mwa mama,
miaka kumi na mmoja ya kubangua kiwandani.
"Kinachokula ngozi," husema,
"chenyewe hakiliki."

Sasa bakuli. Tindikali rangi ya kutu.
Natikisa polepole, kama ninayetafuta mawe kwenye mchele.
Shaba isiyo na kifuniko inaaga bila neno;
dakika ishirini, na baridi hii ya Julai, arobaini.
Bibi Sijaona anasogeza kigoda.
Mashavuni ana chale za usichana wake,
mistari iliyokwenda, ikapinda kona, ikarudi, ikapinda tena,
iliyochanjwa kwa kisu, ikapakwa masizi ya mbarika.
Anachungulia.
"Unamchanja nani?"
"Kengele, bibi. Maji yakitoka usiku ituamshe."
"Inalia?"
"Bado."
"Sisi tulikatazwa kulia."

Matundu nimeyatoboa kwa keekee
ya mota iliyotoka kwenye redio kaseti ya marehemu baba.
Sindano mbili zimevunjika. Ya tatu nimeiomba radhi kwanza.
Nikalehemu, moshi machoni,
nikakagua kila njia kwa tochi ya simu,
maana njia ya mwongo fupi,
na umeme ni mwongo kuliko wote:
ukiona mkato, unapita, na betri ndiyo inayolipa.

Nyaya mbili nikazining'iniza kwenye ndoo chini ya bomba.
Maji yakizigusa zote mbili, kengele ilie.
Tukalala siku ya kwanza, ya nne, ya tisa.

Saa tisa usiku ikalia.
Nikatoka mbio na madumu matatu, peku,
nikajigonga ugoko kwenye kinu.
Bomba kavu. Ndoo kavu.
Bibi kachuchumaa gizani, vidole viwili kavilamba,
kimoja juu ya kila waya,
anaachia, inanyamaza,
anashika, inalia.

Maji yalikuja Jumanne, mchana kweupe,
wote tukiwa macho.
Lakini usiku ule nilisimama na madumu yangu,
sikujua nicheke au nigombe,
naye hakugeuka.
"Nilitaka kujua," alisema,
"kama na mimi napitisha."